Kabla hujanunua kitabu cha kujifunza kuediti picha, pitia hatua hizi

Swali la wanaoanza kuediti picha huwa ni lilelile, kitabu gani kizuri cha Photoshop, na majibu yanayokuja ni majina tu, huyu anasema hiki ndo baba lao, yule anasema achana na hicho chukua kile, basi kijana anatoa hela yake anaagiza libuku nene halafu hata robo hajafika ameshakwama na kitabu kinaishia kabatini. Mi naamini kabisa vitabu bado ni njia nzuri sana ya kujifunza kazi hii, hata kuliko video, kwa sababu kitabu kinakupeleka kwa mpangilio toka mwanzo mpaka mwisho, hakili bando, na ukitaka kurudia kitu unafungua ukurasa uleule. Ila kitabu cha programu ya kompyuta kinaandikwa kwa kufuata skrini ya siku ile, menyu zikihamishwa chenyewe kinabaki vilevile. Kwa hiyo anzia kwenye kompyuta yako, dukani utaenda baadaye.

Hatua ya 1: jua una programu gani na vesheni ya ngapi

Fungua programu yako sasa hivi. Kwa Photoshop ya Windows nenda menyu ya Help, humo kuna About Photoshop, bofya, itatokea picha yenye jina na namba. Kwa Mac ipo kwenye menyu yenye jina la programu, juu kushoto pembeni ya lile tufaha. GIMP, programu nyingine ya kuediti picha, nayo ni Help halafu About. Piga picha na simu uiweke, utaihitaji ukiwa dukani.

Kwa nini namba ina uzito hivo? Photoshop ilitoka Februari 1990 ikiwa ya Mac tu, na leya zenyewe, zile tabaka za picha zinazopangwa moja juu ya nyingine, ambazo leo huwezi kufanya kazi bila hizo, zilikuja vesheni ya 3 mwaka 1994. Mwaka 2003 wakaanza kuziita CS, wakaenda CS2, CS3 mpaka CS6 ya mwaka 2012, na hiyo CS6 mpaka leo unaikuta kwenye kompyuta za studio kibao mitaani. Toka 2013 Adobe, kampuni inayotengeneza Photoshop, wakahamia kwenye malipo ya kila mwezi na majina yakawa CC, baadaye ikawa miaka. Hapa ndo watu wanachanganyikiwa, maana Photoshop 2024 kwa ndani ni vesheni ya 25 na Photoshop 2025 ni ya 26, sasa ukikutana na kitabu cha bei rahisi kimeandikwa Photoshop 7 usione namba ndogo ukadhani ni ya kuanzia, kile ni cha programu ya mwaka 2002.

Lightroom, programu nyingine ya Adobe ya kuchambua na kusawazisha picha nyingi, nayo ina mtego wake. Oktoba 2017 waliigawa ikawa programu mbili, moja inaitwa Lightroom Classic, hiyo inatunza picha kwenye diski yako mwenyewe, nyingine inaitwa Lightroom peke yake na inapandisha picha kwenye wingu, yaani hifadhi ya mtandaoni. Ni programu mbili kweli, kitabu cha moja hakikufundishi nyingine. Kitabu cha kabla ya mwaka huo kilichoandikwa Lightroom tu kinazungumzia ile ambayo leo ndo Classic. Kama intaneti yako ni bando la kupima, Classic ndo inakufaa na kitabu kiwe cha Classic.

Na kama huna programu yoyote bado, usikimbilie Photoshop iliyokrakiwa. Mbali na kwamba sio halali, yale mafaili mara nyingi yanakuja na virusi, na picha za harusi ya mtu zikipotea humo huna cha kumwambia bwana harusi. Pia Photoshop za sasa zinataka angalau RAM ya 8 GB na wenyewe wanashauri 16. GIMP ni bure na inakwenda kwenye mashine ndogo zaidi ya hapo. Photopea nayo unaifungua ndani ya browza bila kuinstoli chochote, na kwa vile menyu zake zimefanana sana na za Photoshop, sehemu kubwa ya kitabu cha Photoshop cha mwanzo unaweza kukifuata ukiwa humo.

Hatua ya 2: pima pengo kati ya kitabu na programu yako

Sio kila kitabu cha zamani hakifai, na sio kila kipya ni chako. Cha kuangalia ni mambo gani yamebadilika katikati.

Nikupe mfano mmoja mpaka mwisho. Una picha ya bibi harusi, umeiweka kwenye leya, unataka kuipunguza iingie kwenye fremu ya kadi. Unabonyeza Ctrl na T, kisanduku kinatokea kuizunguka picha, unashika kona unavuta. Kitabu cha CS6 kinakwambia shikilia Shift ili upana na urefu vipungue pamoja. Ni kweli, kwenye CS6. Sasa Oktoba 2018, vesheni ya CC 2019, Adobe waligeuza, ukivuta kona bila kushika chochote picha inabaki na uwiano wake, na ukishika Shift ndo inavutika ovyo. Mwanafunzi mwenye programu mpya na kitabu cha zamani anatii kitabu neno kwa neno, anashika Shift, uso wa bibi harusi unakuwa mpana kama sahani, anarudia, unakuwa vilevile, anaanza kuamini kazi hii hana kipaji nayo. Vesheni hiyohiyo walibadilisha na Ctrl+Z, zamani ilikuwa inarudi hatua moja tu na ukibonyeza tena inakurudisha ulipotoka, siku hizi inarudi nyuma hatua baada ya hatua. Kama kitabu ulichonacho ni cha zamani na hutaki kukiacha, nenda kwenye mapendeleo ya programu (Preferences), ule ukurasa wa General, kuna sehemu ya kuchagua "Use Legacy Free Transform", weka tiki, uvutaji utarudi kama kitabu kinavyosema.

GIMP nayo ina mfano wake. Toka vesheni ya 2.8 ya mwaka 2012, ukisevu picha inakuwa faili la XCF la GIMP yenyewe, na ukitaka JPEG ya kumtumia mteja WhatsApp lazima utumie "Export As". Kitabu cha kabla ya hapo kinakwambia sevu kama JPEG, unatafuta weee huioni. Halafu Machi 2025 ikatoka GIMP 3.0 ambayo filta nyingi zinabaki pembeni ya leya, unaweza kurudi kuzirekebisha au kuzizima baadaye bila kuharibu picha, jambo ambalo kwenye 2.10 halikuwepo. Kwa hiyo kitabu cha 2.10 kitakufundisha kudurufu leya kila saa kwa ajili ya usalama, sio vibaya, ila ujue kuna njia fupi.

Kwenye Lightroom mstari wangu ni mwaka 2012. Ilipotoka Lightroom 4 slaida, vile vitufe vya kusogeza kushoto na kulia, za "Recovery" na "Fill Light" ziliondolewa, zikaja za kurekebisha sehemu zenye mwanga mkali na sehemu za kivuli kila moja peke yake, na zinafanya kazi tofauti, huwezi kuhamisha namba za zamani kuzipeleka huku. Kitabu cha Lightroom 3 kurudi nyuma usinunue hata ukiuziwa bei ya chungwa.

Kwa Photoshop mi nagawa hivi. Mambo ya leya, maski za kuficha sehemu ya leya, mwanga na utofauti wake, kukropu, kubadilisha saizi, hayo kitabu cha CS6 bado kinafundisha vizuri tu. Mambo ya kuchagua mtu na kumtoa kwenye bakgraundi, kufuta vitu visivyotakiwa, na yale ya akili bandia yaliyoingia 2023, hapo tafuta kitabu cha 2024 kuja juu, vinginevyo utakesha unachora mzunguko wa nywele kwa mkono wakati programu yako inafanya kwa batani moja.

Hatua ya 3: sema kazi unayoitaka

Hapa watu wanaruka na ndo panapowaumiza. Photoshop inatumiwa na wapiga picha, wachora matangazo, wachapaji, watengeneza katuni, na kila kundi lina vitabu vyake. Ukiona kitabu kinaanza na nembo, maandishi na mabango, hicho ni cha dizaini, kama kazi yako ni kutengeneza posta za tamasha au kadi za mchango kinakufaa sana. Kama unapiga harusi, sendofu na kipaimara, unarudi na mamia ya picha kwa siku moja, kitabu chako cha kwanza ni cha Lightroom Classic au cha darktable ambayo ni ya bure, kwa sababu shida yako kubwa ni kuchambua, kusawazisha mwanga wa picha nyingi kwa pamoja na kutoa kwa wakati, Photoshop utaihitaji kwa picha chache za albamu. Mtu wa kurudisha picha za zamani za mababu zilizochanika anataka kitabu chenye sura nzima ya kuziba mikwaruzo.

Wa picha za paspoti achunguze kitu kimoja tu: kitabu kinaeleza uhusiano wa milimita, pikseli (vile vidoti vinavyounda picha) na dpi (idadi ya vidoti kwenye inchi moja)? Picha ya milimita 35 kwa 45 ikichapwa kwa dpi 300 inatakiwa iwe na pikseli 413 kwa 531 hivi. Kitabu kizuri kinakuonyesha hiyo hesabu inatoka wapi, unagawanya milimita kwa 25.4 kupata inchi halafu unazidisha kwa 300, na ukishaielewa hata ubalozi ukitaka saizi nyingine unajipigia mwenyewe. Kitabu kinachokupa namba tupu kitakuacha njiani mteja wa kwanza akija na saizi isiyokuwemo.

Hatua ya 4: kikague kabla ya kutoa hela

Anza nyuma ya jina la kitabu, ule ukurasa wa hakimiliki. Angalia mwaka na toleo. Wauzaji wa mitumba ya vitabu hawana kosa, wanakupa walichonacho, kazi ya kuangalia ni yako. Kisha yaliyomo, je kinakwenda kwa masomo yenye kazi ya kufanya au kinaorodhesha zana moja baada ya nyingine? Anayeanza anataka masomo. Mfululizo wa Classroom in a Book wa Adobe Press umepangwa hivo, kila somo lina faili zake za mazoezi ambazo unazipata mtandaoni, unafungua picha ileile aliyotumia mwandishi na unalinganisha yako na yake. Hii ni faida kubwa kwa sababu ukikosea unaona umekosea wapi. Vile vya kuorodhesha zana ni vya kutafutia jibu baadaye, ukishajua unachouliza.

Angalia na faharasa ya mwisho. Kitabu cha programu kisicho na faharasa ni usumbufu mtupu, siku unataka kujua jambo moja usiku na kazi inasubiriwa asubuhi utapekua kurasa zote.

Sasa jambo ambalo nalipigia kelele kuliko yote, angalia ngozi za watu kwenye picha za mfano. Vitabu vingi vinaandikwa Marekani na Uingereza na picha za sura humo ni za watu weupe, na mafunzo yanafuata ngozi hiyo. Historia yake ni ndefu, maabara za picha zamani zilikuwa zinasawazisha mashine kwa kadi za Kodak zilizoitwa Shirley, zenye picha ya mwanamke mzungu, na kadi yenye wanawake wa rangi mbalimbali ilikuja miaka ya 1990. Kwenye kuediti madhara yake unayaona hivi: kitabu kinasema histogramu, ule mchoro unaoonyesha picha ina giza na mwanga kiasi gani, ikiwa nzuri inajaa katikati, we una picha ya mzee mweusi kavaa suti nyeusi mbele ya pazia la kahawia, histogramu yake lazima iegemee kushoto, upande wa giza, na hiyo ndo sahihi. Ukiisukuma katikati kama ulivyoambiwa uso unakuwa wa kijivu kama umepakwa majivu, macho yanapauka, na mwenye picha anakuuliza huyu ni nani. Vilevile masomo ya kulainisha ngozi, weusi wetu una mng'ao kwenye paji la uso na mashavu ambao ndo uhai wa picha, kitabu kinachofundisha kuufuta wote kinafundisha kuua sura.

Kwa hiyo pekua ile sura ya kitabu inayohusu picha za watu. Ukikuta picha hata tatu nne za watu weusi zimefanyiwa kazi hatua kwa hatua, na mwandishi anaeleza kwa nini kivuli kakiacha kilivyo, hicho kitabu kipe alama nyingi hata kama mengine ni ya kawaida. Ukikuta hakuna kabisa, bado unaweza kukitumia kwa kujifunza zana, ila sura ya ngozi iruke, ujifunze kwa picha za watu wako.

Chunga pia vitabu vya haraka haraka vinavyouzwa mtandaoni. Vimejaa mpaka Amazon Septemba 2023 wakaweka kikomo cha vitabu vitatu kwa siku kwa mtu anayejichapishia. Dalili zake ni jina refu lenye miaka, wanaoanza, wazee na wataalamu humohumo, kurasa hazina picha za skrini au zina chache za ukungu, na mwandishi ukimtafuta huoni picha hata moja aliyowahi kupiga au kuediti. Kitabu cha kufundisha picha kisicho na picha, hapo hamna la kujadili.

Hatua ya 5: kijaribu

Duka la vitabu la maana litakuruhusu kusoma kidogo. Mtandaoni, Kindle wanatoa kurasa za mwanzo bure na aplikesheni yake ipo hata kwenye simu, na Google Books vitabu vingi wanakuonyesha sehemu. Usisome tu ukasema naam kizuri. Chukua somo moja fupi, kaa mbele ya kompyuta, lifanye kwa picha yako. Kila sehemu ambayo kitabu kinataja kitu na we hukioni kwenye skrini weka alama. Alama moja ni kawaida, ukikwama kila baada ya aya mbili, ama vesheni zimepishana sana au mwandishi anaongea na watu wanaojua tayari, vyovyote vile sio cha kwako kwa sasa. Sikiliza na Kiingereza chake. Vitabu karibu vyote ni vya Kiingereza na menyu pia, chagua anayeandika sentensi fupi, na uwe na daftari la kuandika kila jina la menyu na kazi yake kwa maneno yako.

Kama kitabu ni cha mtu wa Mac na we uko Windows usiogope, Command yake ni Ctrl yako na Option ni Alt, vingi vinaandika zote mbili.

Hatua ya 6: karatasi au PDF

Karatasi ni tamu ukiweka pembeni ya kompyuta, ila iwe ya rangi. Kitabu cha rangi kikitolewa kopi nyeusi na nyeupe steshenari hakina thamani tena, utaoneshwa kabla na baada na zote ni kijivu. Ni shida ileile kwa vile visomeo vya Kindle vya skrini ya kijivu, kitabu cha picha kisome kwenye tableti, simu kubwa au kompyuta nyingine. Ukinunua cha mtumba uliza faili za mazoezi ziko wapi, vya zamani vilikuwa na CD mgongoni ambayo mara nyingi imeshatoka, na laptop za sasa wala hazina pa kuiweka. Vipya faili unapakua, zinaweza kuwa nzito, pakua usiku kama mtandao wako una bando la usiku la bei nafuu.

Hatua ya 7: chukua vya bure kwanza

GIMP ina mwongozo wake rasmi kwenye docs.gimp.org, darktable nao wana wao, vyote ni bure na vinafuata vesheni. Havikufundishi kwa upole kama kitabu cha masomo, ila vinajibu zana hii inafanya nini. Mi naona mwenye GIMP aanze na huo mwongozo kwa mambo ya leya na kuchagua, akishaona anaelewa ndo atoe hela ya kitabu cha masomo, atakuwa anajua hata cha kukagua dukani.

Ukishanunua

Fuata sura kwa mpangilio, usiruke kwenda kwenye maajabu ya kubadilisha anga. Kila somo lifanye mara mbili, mara ya kwanza kwa faili za kitabu, mara ya pili kwa picha uliyopiga mwenyewe, hata kama ni ya simu, na picha halisi uiweke folda yake usiiguse, fanyia kazi kopi.

Kitabu cha pili usinunue cha programu tena. Nunua cha mwanga na rangi, namna mwanga wa dirishani unavyokaa usoni, kwa nini rangi fulani zinapatana na nyingine zinagombana, namna kivuli kinavyoonyesha umbo. Hicho hata kikiwa cha miaka 30 iliyopita, hata kama mwandishi alikuwa anatumia filamu na hajawahi kugusa kompyuta, chukua, mwanga haujabadilishwa vesheni.